Mnong'ono Usiofika Viti vya Nyuma: Waigizaji wa Filamu Kongwe na Tamthilia ya Mapenzi kwa Kiswahili Mtaani Ngagara, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna hadithi ya mapenzi iliyozoeleka katika filamu inavyoweza kuhamishiwa jukwaani kwa Kiswahili, hasa kwa hadhira ya Ngagara na mitaa jirani ya kaskazini mwa Bujumbura. Hoja yetu ni kwamba kinachoifanya hadhira iamini mapenzi yaliyovuka mpaka wa ukoo, tabaka au kabila si muhtasari wa hadithi wala funzo lake, bali ni kazi ya mwigizaji. Kazi hiyo hubadilika kabisa kamera inapoondoka. Tunaanza na filamu mbili zilizotokana na jukwaa na kurejea jukwaani, yaani Mughal-e-Azam na Brief Encounter, kisha tunaeleza tatizo mahususi la Kiswahili nchini Burundi: lugha hii inaaminika sokoni kuliko chumbani. Mwisho tunajadili yanayowahusu wanaotunga sera na kugharimia sanaa, likiwemo suala la mjadala unaofuata onyesho.

1. Mtaa na lugha yake

Ngagara ni mtaa uliopangwa. Ulijengwa katika miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika la Kibelgiji lililoundwa mwaka 1952 kuwajengea Waafrika nyumba katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi, na kwa muda mrefu wakazi wa Bujumbura waliendelea kuuita kwa kifupi cha shirika hilo, OCAF. Barabara zake zimenyooka na sehemu zake zinatajwa kwa namba. Kwa hiyo hauna historia ya Kiswahili kama ya Buyenzi, ambako lugha hii ilitangulia kuwa lugha ya nyumbani, ya msikitini na ya biashara. Ngagara ilikuwa zaidi makazi ya watumishi na makarani, na lugha zake za heshima zilikuwa Kirundi na Kifaransa.

Hata hivyo Kiswahili kiliingia. Kiliingia kwa njia ya soko, maana soko la mtaa huo linalojulikana kwa jina la Cotebu halina lugha moja. Kiliingia kwa redio, kwa muziki wa Kongo na Tanzania, na kwa filamu za Dar es Salaam zilizosambazwa katika diski. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, kimeingia pia kwa mlango wa shule. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mjini Bujumbura, basi, hali ya lugha imekuwa ya ajabu kidogo: Kiswahili kimepanda cheo kikanda kabla hakijapanda cheo katika hisia za watu.

Jambo la pili kuhusu Ngagara haliwezi kurukwa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa kabila. Kamenge na Kinama ilibaki kuwa ya Wahutu. Ngagara na mingineyo ikawa ya Watutsi. Kuvuka barabara kukawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Mwaka 2015 mitaa hiyo hiyo ilishuhudia tena maandamano na vifo, ingawa safari hii mstari wa mgawanyiko haukuwa ule ule. Mtu anayetaka kupeleka Ngagara tamthilia ya wapenzi wa pande mbili hapeleki burudani tupu. Kila mtu mzima ukumbini anajua jina la mtu aliyeoa au kuolewa upande wa pili na yaliyompata.

Katika makala haya tunaita filamu kongwe ile ambayo watu huirudia huku wakijua mwisho wake. Umri peke yake hautoshi. Anayerudia filamu hatafuti tena habari, anamtafuta mwigizaji. Ndiyo sababu filamu za namna hii ni chuo kizuri kwa watu wa jukwaani, nao hawana budi kushika hadhira ambayo mara nyingi imekwishajua hadithi tangu tangazo la kwanza.

2. Sauti mbili katika Mughal-e-Azam

Mughal-e-Azam ya K. Asif ilitolewa tarehe 5 Agosti 1960. Inamhusu Salim, mwana wa Mfalme Akbar, aliyempenda Anarkali, mchezaji ngoma wa ikulu, na baba aliyekataa. Hadithi hiyo haikuzaliwa katika filamu. Imtiaz Ali Taj aliiandika kama tamthilia mwaka 1922, na filamu kadhaa zilitanguliza kuitumia. Mwaka 2016 mwongozaji Feroz Abbas Khan aliirejesha jukwaani mjini Mumbai. Kwa hiyo tuna safari nzima mbele yetu: jukwaa, skrini, jukwaa.

Kitu cha thamani zaidi kwa mtafiti wa uigizaji ni kwamba filamu hii iliwaweka pamoja watu wawili waliojifunza sauti zao mahali tofauti. Prithviraj Kapoor, aliyemcheza Akbar, alikuwa mtu wa jukwaa. Mwaka 1944 alianzisha kundi la Prithvi Theatre na kuzunguka nalo India. Sauti yake inatoka kifuani na inatumwa mbali, kana kwamba kuna mtu ukutani nyuma kabisa anayepaswa kusikia. Dilip Kumar, aliyemcheza Salim, alikuwa mtu wa maikrofoni. Anasema polepole na kwa chini, anakatisha sentensi, anaacha kimya kifanye kazi ambayo mwingine angeifanya kwa neno. Baba na mwana wanapokabiliana, mgongano wa vizazi hausomeki katika maneno tu. Unasikika katika namna mbili za kutumia pumzi.

Watazamaji wengi hukumbuka mandhari ya unyoya. Salim anapitisha unyoya mweupe usoni pa Anarkali huku sauti ya Bade Ghulam Ali Khan ikisikika kutoka mbali. Hakuna mazungumzo ya maana yanayosemwa. Madhubala anafanya karibu kila kitu kwa kope na kwa shingo. Inasemwa sana, na waliohusika hawakuficha, kwamba wakati huo yeye na Dilip Kumar hawakuwa wakisemezana nje ya kamera. Habari hii hupendwa na wapenda udaku, lakini inamfaa zaidi mwalimu wa uigizaji: mapenzi tunayoyaona hayakuchotwa katika hisia za siku ile, yalitengenezwa kwa ustadi.

Sasa tuupeleke unyoya huo katika ukumbi wa shule au wa parokia, viti vya plastiki, feni moja, watoto mlangoni. Aliyeketi safu ya tatu hauoni tena. Mnong'ono wa Dilip Kumar haufiki viti vya nyuma, na ukifika kwa kipaza sauti huwa mnong'ono wa spika, jambo linalochekesha. Kosa linaloonekana mara nyingi katika makundi ya vijana ni kuiga sura ya mapenzi ya filamu, macho yaliyolegea na sauti ya chini, na kudhani kwamba wameiga uigizaji. Wameiga kile ambacho kamera ilikikuza. Kilichobaki jukwaani ni vijana wawili wasiosikika.

Feroz Abbas Khan hakutegemea uso wa mwigizaji peke yake. Alitumia wachezaji wa kathak na uimbaji wa moja kwa moja, ili msisimko uliokuwa usoni mwa mtu mmoja usambae katika miili mingi. Si kila kundi lina fedha za Mumbai, lakini kanuni haina bei: kilichokuwa kidogo na karibu katika filamu kitafutiwe kitu kikubwa na cha mbali chenye uzito ule ule.

3. Mkono begani

Mfano wa pili hauhitaji wachezaji wala mapambo. Brief Encounter, filamu ya David Lean ya mwaka 1945, ilitokana na Still Life, tamthilia fupi ya Noël Coward ya mwaka 1936 ambayo yote inatokea katika mkahawa wa stesheni ya reli. Mwanamke mwenye mume na watoto na daktari mwenye mke wanakutana, wanapendana, wanaachana. Basi. Katika dakika zao za mwisho rafiki msemaji anaketi mezani pao na kuanza kupiga soga, nao hawawezi kuagana. Daktari anasimama, anaweka mkono begani mwa mwanamke kwa kitambo kidogo, anatoka.

Katika filamu, Celia Johnson anabeba mandhari hiyo kwa macho yake makubwa na kwa sauti yake ya ndani inayosimulia. Lakini mkono begani ulikuwapo tangu jukwaani, na hauhitaji kamera. Kila mtu ukumbini anauona, na kila mtu anajua kwamba yule rafiki mezani hajui alichokiona. Hapo ndipo nguvu ilipo: hadhira inashiriki siri ambayo mmoja wa waliopo jukwaani ameikosa. Kundi la Kneehigh la Uingereza, likiongozwa na Emma Rice, lilipoirejesha hadithi hiyo jukwaani mwaka 2008, lilitumia skrini na kuwafanya waigizaji waingie na kutoka ndani yake, lakini kuagana kule kulibaki tendo la mkono na bega.

Tunaukazia mfano huu kwa sababu unafanana sana na adabu ya mapenzi katika eneo letu. Mrundi mwenye malezi hatangazi mapenzi mbele ya watu, na Mswahili wa pwani vile vile. Kinachosemwa hadharani husemwa kwa fumbo. Mwenye kutuza katika taarabu hupita mbele na noti yake huku beti fulani ikiimbwa, na ukumbi mzima hujua anayetupiwa neno hilo bila jina kutajwa. Maandishi ya kanga hayasomeki kutoka mbali, lakini wanawake huitambua kanga kwa rangi na nakshi zake, na ujumbe hufika kabla ya herufi. Hizi zote ni ishara kubwa na za mbali. Yaani utamaduni wa Kiswahili umekwisha kutatua, kwa njia yake, tatizo lile lile linalomkabili mwigizaji aliyeondolewa kamera. Inashangaza kwamba makundi mengi huacha hazina hiyo nje ya mlango na kuingia na miwani ya jua.

Kwa upande wa Kirundi kuna hazina nyingine, nayo ni gusaba, sherehe ya kuposa. Wasemaji wa pande mbili hukaa wakikabiliana, wakatupiana mafumbo, wakajifanya hawajui walichojia, wakapimana akili, huku wanaohusika hasa wakiwa kimya. Ni tamthilia kamili. Ina waigizaji waliobobea, na ina hadhira inayojua kupima ufundi: wazee wa Burundi humkumbuka msemaji mzuri wa gusaba kama wapenda filamu wanavyomkumbuka Prithviraj Kapoor.

4. Mpenzi asiyeeleweka lugha

Kuna pingamizi la kujibiwa kabla ya kuendelea. Je, hadhira inaweza kuguswa na mapenzi yanayosemwa kwa lugha isiyo yake ya nyumbani? Historia ya sinema katika Afrika Mashariki inajibu kwamba inaweza. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza kwa kina jinsi watu wa Zanzibar na miji ya Tanganyika walivyozipenda filamu za Kihindi, ikiwemo Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ingawa wengi wao hawakuelewa Kihindi. Walimwelewa Raj Kapoor. Walimwelewa Nargis. Na katika filamu hiyo hakimu aliye baba wa kijana mzururaji amechezwa na Prithviraj Kapoor yule yule, ambaye nje ya filamu alikuwa baba mzazi wa Raj. Hata asiyejua neno moja aliona kitu kati yao.

Baadaye wakaja wasimulizi wa filamu, miongoni mwao Lufufu wa Dar es Salaam, waliozifasiri na kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili huku zikionyeshwa. Mabanda ya video yaliwasomesha vijana wengi Kiswahili kuliko tunavyokiri katika mikutano yetu. Lakini msimulizi ana tabia ya kujaza kila kimya. Mpenzi akinyamaza kwa hesabu, msimulizi anatuambia anachofikiri. Vijana waliolelewa na sauti hiyo huogopa kimya jukwaani, na hilo ni la kufundishwa upya.

Burundi yenyewe ina mfano wake. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, iliyotoka mwaka 1992, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya nchi hii. Gito anarudi Bujumbura kutoka Paris na shahada ya sheria akitarajia uwaziri. Hapati kazi, anamrudia Flora, mpenzi wake wa zamani, kisha Christine wa Paris anatokea. Gito amechezwa na Joseph Kumbela. Christine na Mfaransa Marie Bunel. Flora na Aoua Sangaré, mwigizaji wa Mali ambaye wengine walimwona katika Yeelen ya Souleymane Cissé ya mwaka 1987. Mpenzi wa Kirundi, kwa hiyo, amechezwa na mwanamke wa Mali katika filamu inayozungumza Kifaransa zaidi, na Flora anaaminika. Kwa maoni yetu, yeye ndiye anayeaminika kuliko wote, kwa sababu hana haraka. Anamtazama Gito kama mtu anayehesabu deni.

Kwa kifupi, lugha ngeni si kizuizi. Tatizo la Kiswahili Ngagara ni tofauti: si ngeni, inajulikana, na inajulikana kwa jambo jingine.

5. Kiswahili cha mpenzi na Kiswahili cha mlanguzi

Nchini Burundi, kama Rwanda, neno umuswahili halimaanishi tu mtu anayesema Kiswahili. Mara nyingi linabeba maana ya mjanja, mtu wa maneno mengi, asiyeshikika. Chanzo chake kiko wazi. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala, lakini chini ya Wabelgiji wamisionari Wakatoliki walikitazama kwa mashaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu na biashara, na shule zikakipa Kirundi nafasi ya kwanza. Kiswahili kikabaki lugha ya mji, ya gereji, ya stendi, ya jeshi, ya kupunguziana bei. Katika vichekesho, anayesema Kiswahili huwa ndiye tapeli.

Mwongozaji anayemweka kijana jukwaani Ngagara aseme "nakupenda" kwa Kiswahili lazima ajue kwamba sehemu ya ukumbi itacheka. Haitacheka kwa ubaya. Itacheka kwa sababu sikio limezoea. Wengine hukwepa kwa kurudi kwenye Kifaransa, ambacho kinasikika kama filamu. Njia hiyo ni nyepesi na tunaiona kuwa hasara, kwa kuwa inaacha mzaha mahali pake.

Njia bora ni kuufanya mzaha huo uwe kiini cha tamthilia. Tuchukue, kwa kubuni, msichana wa Ngagara na kijana wa Kamenge mwenye duka la simu. Nyumbani kila mmoja anasema Kirundi. Wao wawili wanazungumza Kiswahili, lugha walikokutania, sokoni, na ambayo haimilikiwi na baba wa yeyote kati yao. Msichana anamuuliza, "Unanipenda, au unaniuzia?" Ukumbi utacheka. Kisha mwigizaji asijibu. Akae kimya kwa muda ambao Dilip Kumar angeuthubutu, lakini kwa mwili wa Prithviraj Kapoor: asimame, aondoe mkono kwenye bidhaa zake, afunge kisanduku cha pesa. Kicheko kitakufa chenyewe, na kile kitakachofuata kwa Kiswahili kitasikika kama hakijawahi kusikika katika ukumbi huo. Katika mandhari ya gusaba wasemaji watumie Kirundi chao cha juu, nao wawili wakae kimya, mpaka neno moja la Kiswahili limponyoke mmoja wao.

Itaulizwa kama mpango huo unakifanya Kirundi kuwa lugha ya kizuizi na Kiswahili kuwa lugha ya uhuru. Swali ni halali. Kirundi kina mapenzi yake na ushairi wake, na mwandishi mvivu anaweza kuangukia humo. Dawa ni kuwapa wazee maneno mazuri kweli kweli, maneno ambayo hadhira itayapenda na kuona uchungu kuyapinga. Akbar wa Prithviraj Kapoor hatishi kwa sababu ni mbaya; anatisha kwa sababu ana haki zake na anazisema vizuri.

Tamthilia ya Kiswahili imekwisha kuingia katika uwanja huu. Ebrahim Hussein, katika Kwenye Ukingo wa Thim (1988), alichukua kisa cha Kenya kilichotokana na mgogoro wa mazishi ya S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, akakifanya tamthilia ya Martha na Herbert, ndoa iliyovuka mpaka wa kabila na kuvunjwa na ukoo baada ya kifo cha mume. Inasomwa zaidi kama tamthilia ya ukabila. Ingefaa ichezwe pia kama tamthilia ya mapenzi, maana bila kuamini kwamba Martha alimpenda Herbert, kesi yote huwa ya mali na ardhi. Na kwamba Kiswahili kinaweza kubeba uchumba na vichekesho vyake mbele ya hadhira yoyote kulithibitishwa London mwaka 2012, pale kundi la waigizaji wa Afrika Mashariki lilipocheza Wanawake wa Heri wa Winsa katika ukumbi wa Globe. Mtanzania Mrisho Mpoto alikuwa Falstaff.

6. Baada ya pazia

Wanaogharimia sanaa katika Maziwa Makuu hupenda tamthilia ya wapenzi wa pande mbili, na wana sababu. Nchini Burundi, Studio Ijambo ilitangaza kuanzia mwaka 1997 mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia jirani za Kihutu na Kitutsi. Nchini Rwanda, Musekeweya ya Radio La Benevolencija, iliyoanza mwaka 2004, iliwafanya Batamuriza na Shema, wapenzi wa vijiji viwili vyenye uhasama, kuwa watu wa kila nyumba.

Musekeweya imefanyiwa utafiti wa majaribio. Elizabeth Levy Paluck (2009) aligundua kwamba baada ya mwaka mmoja wasikilizaji walikuwa wamebadilika katika namna walivyoona desturi za jamii yao, ikiwemo kuhusu ndoa za pande mbili, na katika baadhi ya matendo yao. Imani zao binafsi hazikubadilika kwa kiasi hicho. Yaani mtu aliweza kubaki na shaka yake moyoni na papo hapo kuona kwamba wenzake hawamtarajii tena aizuie ndoa ya binti yake. Kwa mtunga sera hilo si jambo dogo. Nalo linalipa jukwaa umuhimu wa pekee, kwani ukumbini mtu humwona jirani yake akilia. Redio haina hilo.

Utafiti wake wa pili, uliochapishwa mwaka 2010, unapaswa kusomwa pamoja na wa kwanza, ingawa hunukuliwa mara chache zaidi. Ulifanyika mashariki mwa Kongo, juu ya mchezo wa redio wa Kumbuka Kesho. Mahali ambapo mchezo ulifuatwa na kipindi cha majadiliano kilichowahimiza wasikilizaji kujadili, watu walijadiliana zaidi, lakini walionyesha pia uvumilivu mdogo zaidi na malalamiko mengi zaidi, na utayari wao wa kuwasaidia wasiowapenda ulipungua. Hatuwezi kuhamisha matokeo ya redio ya Kivu moja kwa moja hadi ukumbi wa Ngagara. Lakini yanatosha kutia shaka desturi iliyokita mizizi: pazia halijatulia, anasimama mratibu na kipaza sauti kuuliza, "Tumejifunza nini?" Hapo mwigizaji aliyefanya kazi ya saa nzima kumfanya mzee wa safu ya pili asahau upande wake anashuhudia mzee huyo akiombwa aukumbuke, tena mbele ya watu. Rai yetu ni kwamba kipengele cha mjadala wa papo kwa papo kiondolewe katika masharti ya ruzuku, na fedha zake zilipie onyesho la pili na la tatu mahali pale pale. Mwenye kutaka kuongea ataongea njiani.

Liko pia suala la mazoezi. Bajeti nyingi hulipia nakala, usafiri, mabango na siku ya onyesho. Kimya alichokithubutu Dilip Kumar kinagharimu wiki, na makundi ya mitaani hupewa siku. Wanaolipwa kwa onyesho tu watacheza kilicho rahisi kukumbuka, yaani sura walizoziona katika filamu. Hapa filamu kongwe zina matumizi ya moja kwa moja: kundi lionyeshwe mandhari moja bila sauti, waulizwe mwili unafanya nini, kisha wasikilize sauti bila picha, kisha wajaribu kufikisha jambo lile lile hadi ukuta wa nyuma bila kupaza sauti. Kinachohitajika ni projekta, shuka jeupe na mwalimu mvumilivu.

Mahali hapakosekani. Centre Jeunes Kamenge, kituo cha wamisionari wa Xaveri kilichotunukiwa Right Livelihood Award mwaka 2002, kimewakusanya kwa miongo vijana wa mitaa ya kaskazini, Ngagara ikiwemo, hata nyakati ambazo kukusanyika kulikuwa hatari. Bujumbura pia ina tamasha la filamu la FESTICAB, lililoanzishwa mwaka 2009, na tamasha la maonyesho ya jukwaani la Buja Sans Tabou. Katika majukwaa hayo Kifaransa na Kirundi ndizo lugha zilizozoeleka zaidi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuanza kwa ombi dogo: usiku mmoja wa Kiswahili katika kila tamasha, kwa tamthilia iliyofanyiwa mazoezi yasiyopungua wiki sita, na maandishi yake yahifadhiwe mahali ambapo kundi la Uvira, Kigoma au Kigali litayapata. Baada ya vituo kadhaa vya redio binafsi kuharibiwa Mei 2015, tuliona jinsi kazi ya sauti ya miaka mingi inavyoweza kukosa mlango wa kutokea kwa siku mbili. Tamthilia iliyochapishwa, na waigizaji kumi wanaoijua kwa moyo, ni vigumu zaidi kuichoma moto.